Msitu Walioufagia kwa Ajili Yangu

Tangu nirudi nimesimulia safari hii sebuleni kwangu, kwenye foleni ya maji, msibani na mara mbili saluni, na kila nikimaliza kuna mtu anasema nimeruka kipande. Nimechoka. Naiandika mara moja, kila mtu asome kwa nafasi yake. Anayetaka kujua nilipataje tiketi na nani alisaini karatasi zipi, huyo sina msaada naye.

Kwa wachache msiojua, mwaka juzi nilipunguzwa kazi serikalini baada ya miaka kumi na minane kwenye misitu. Wilayani walizoea kuniita Bibi Miti. Barua ilipokuja nikabaki bibi tu. Mwaka huu nikapata kibarua cha majaribio kwenye mfuko mmoja mdogo hapa Dar es Salaam, unaotoa ruzuku kwa vijiji vinavyolinda misitu yao vyenyewe. Kazi yangu ni kwenda kuangalia kama msitu ulioandikwa kwenye maombi upo, na kama unalindwa kweli.

Kijiji changu cha kwanza kilikuwa Ikombe, kwenye ukingo wa Ziwa Nyasa, kule milima inapoingia majini. Wanawake wa Ikombe ni wafinyanzi, na chungu hakichomwi kwa maneno, kinataka kuni. Miaka mitatu nyuma kijito kinachowapa maji ya kunywa kilikaribia kukauka, wakakubaliana kwamba hakuna tena atakayekata kitu kwenye msitu ulio juu ya kijito hicho. Tangu hapo kuni wanazifuata mbali, kwa miguu na kwa mitumbwi. Waliomba ruzuku ya kitalu cha miche, shamba la miti ya kuni na matanuru yasiyokula kuni nyingi. Mwisho wa maombi waliandika hivi: tusiposaidiwa, hatujui uvumilivu wetu utatufikisha wapi.

Fomu niliyopewa ilikuwa na maswali ishirini, lakini lenye meno lilikuwa la tisa. Je, katika miezi sita iliyopita kumekatwa miti au vichaka ndani ya msitu? Jibu likiwa ndiyo, maombi yanafungwa kwa mwaka huo. Swali hilo liliwekwa kwa sababu kuna vijiji vilivyokuwa vikiuza mbao kwa mkono mmoja na kuomba ruzuku kwa mkono wa pili. Mimi mwenyewe nililisifu.

Kwa treni, pamoja na marobota ya Mzee Salim

Nilipanda treni ya Mbeya nikiwa na begi moja, kamera ya ofisi, fomu yangu na kapu la vitumbua. Niliyekaa naye uso kwa uso alikuwa mzee mmoja wa kofia safi ya kufuma, mwenye duka Kyela, aitwaye Mzee Salim. Babu yake alitoka Kilwa na misafara, akaoa huko bara, akasahau kurudi. Yeye alikuwa anarudi nyumbani na marobota manne ya mitumba, na kila treni ikisimama alitoka kwenda kuyahesabu.

"Wewe wa wapi, dada?"

"Muheza."

"Basi hivyo vitumbua naweza kula. Vya watu wengine navitilia shaka."

Alikula sita. Kwa haki yake, alilipa kwa hadithi. Alinieleza jinsi miaka ile ya shida alivyokuwa akiuza sabuni kwa vipande, amejificha nyuma ya duka lake mwenyewe, na jinsi siku hizi mambo yalivyo ruksa, kiasi kwamba Kyela unapata dawa ya meno ya nchi tatu na huna meno ya kutosha kuzimaliza.

Mlimba tulikaa saa saba. Walisema kichwa cha treni kimeharibika, baadaye wakasema tunasubiri kichwa kingine, baadaye hawakusema kitu. Tulishuka sote tukakaa kwenye nyasi. Akina mama wa pale walikuja na wali, samaki wa kukaanga na ndizi mbivu, na kufika jioni tulikuwa tumejuana majina, tumejuana magonjwa. Mzee Salim akaniuliza ninafuata nini Kyela. Nikamwambia natoka kwenye mfuko unaosaidia vijiji.

"Mfuko wenye pesa?"

"Kidogo."

"Na unakwenda kwa wakulima?"

"Kwa wanakijiji, ndiyo."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Laiti ningemuuliza ameelewa nini.

Mbeya hadi Kyela, nikawa mnunuzi wa kokoa

Mbeya palikuwa na baridi iliyonikumbusha kwamba sikubeba sweta. Mzee Salim akafungua robota moja pale pale stendi akanitolea sweta la kijani lenye kulungu kifuani. Nililivaa mpaka Tukuyu, katikati ya mashamba ya chai na migomba iliyosongamana. Barabara ilipoanza kuteremka nikalivua, na basi lilipofika chini Kyela nilitamani kuvua na ngozi.

Nililala kwa Mzee Salim. Mkewe, Bi Mwanaisha, alinipikia wali wa Kyela na samaki aina ya mbasa kwa tui, na hapa naomba mniamini: harufu ya ule mchele ilitoka jikoni kabla ya chakula. Tangu nirudi, mchele wa dukani kwetu naula kwa sababu nina njaa.

Asubuhi nilipofungua mlango nikakuta wanaume watano wamekaa barazani, kila mmoja na kifuko mapajani. Wakasimama kwa pamoja. Mkubwa wao akainama kidogo, akasema, "Mugonile, mama," nami nikaitikia kwa Kiswahili kwamba nimelala salama. Akafungua kifuko chake akanimiminia kiganjani punje za kokoa.

"Nusa," akasema. "Hii nimeichachusha siku sita. Wengine wanatoa siku ya tatu wanakudanganya."

Nikanusa, maana sikuona njia nyingine. Kumbe tangu biashara ya mazao ifunguliwe, kila mgeni mwenye begi na daftari anayetokea Dar ni mnunuzi binafsi, na Mzee Salim alikuwa ametangaza msikitini kwamba nina mfuko. Nikawaeleza polepole kwamba sinunui kokoa, nimekuja kuangalia msitu.

Wakatazamana.

"Basi ni mbao," akasema mmoja kwa sauti ya chini.

"Si mbao. Nataka kuona kama miti ipo."

"Ukiiona ipo, unafanya nini?"

"Narudi Dar kusema ipo."

Yule mkubwa alinitazama kwa huruma ya kweli. Akaniachia kokoa yake yote kwenye kifuko, akasema, "Ndaga fijo, mama, asante sana. Ukipata kazi nyingine, nikumbuke." Bado ninayo, kama kuna anayejua cha kuifanyia.

Kyela, Ipinda na msiba tusioujua

Kutoka Kyela kwenda ziwani nilipanda Landrova iliyokuwa na mlango mmoja. Dereva alikuwa Ambokile, mtu mnene mchangamfu aliyeendesha kwa mkono mmoja na kusalimia kwa mwingine, na kule kila mtu ni ndugu yake. Mvua zilikuwa zimekwisha lakini barabara haikuwa na habari hiyo. Kabla ya Ipinda tulizama mara mbili, tukashuka tukasukuma, na mara ya pili kiatu changu cha kushoto kilibaki chini na mpaka leo kiko huko. Ipinda nikanunua kandambili, na mwenye duka akanionyesha sampuli ya mpunga wake. Sikubishana. Niliunusa, nikausifu, nikaondoka.

Mbele kidogo Ambokile akasimama mbele ya boma lenye watu wengi na ngoma.

"Tunashuka kidogo," akasema. "Baba mkubwa wa shemeji yangu amefariki."

"Sisi pia?"

"Mama, utapita msibani umekaa ndani ya gari?"

Lilipowekwa hivyo, hata mimi niliona haya. Tukashuka abiria wote kumi na mmoja, pamoja na kuku waliokuwa wanasafiri. Sisi kwetu msiba ni kunong'ona na kukaa kwenye mkeka. Wanyakyusa wanalia kwa nguvu zao zote, kisha wanacheza ngoma kwa nguvu hizo hizo, kisha wanalisha watu. Nilikaa na wanawake. Jirani yangu alianza kulia, nami bila kutarajia nikamkumbuka mama yangu, nikalia vizuri tu. Wakanishukuru. Halafu ikaja sinia ya mbalaga, ndizi za kupika, na nyama, na nilikula kwa ajili ya marehemu nisiyejua hata jina lake. Tulitoka saa mbili baadaye. Ambokile akasema leo tumebahatika, kwa kawaida wangetulaza.

Lyulilo, vyungu visivyo na maua

Jirani na Matema kuna kijiji cha Lyulilo, na kila Jumamosi wafinyanzi wa upande wa Ikombe hushusha vyungu vyao pale ufukweni. Niliambiwa nitarudi nao kwa mtumbwi. Sikuambiwa kwamba mtumbwi hauondoki mpaka chungu cha mwisho kiuzwe, na kuuza kwenyewe kuna adabu zake. Wengi hawatoi pesa. Mnunuzi huja na mpunga, anaujaza kwenye chungu anachokitaka, na mpunga uliojaa ndio bei. Ubishi wote uko kwenye neno kujaa. Mnunuzi anaona kimejaa usawa wa shingo. Mwenye chungu anataka kilima juu.

Mwenyeji wangu alikuwa mama mmoja wa makamo, mwembamba, mikono imara, aitwaye Esta. Ndiye aliyeongoza wafinyanzi wa Ikombe, na jina lake lilikuwa la pili kwenye maombi. Alinitazama kuanzia sweta begani mpaka kandambili.

"Wewe ndiye mkaguzi? Tulidhani ni mwanaume."

"Samahani."

"Si neno. Tumekuandalia kiti kirefu, utaning'iniza miguu."

Mama mmoja mnunuzi kutoka Kyela aligeuza chungu kimoja, akageuza cha pili, akauliza mbona safari hii viko uchi. Nami nikaangalia. Vyungu vya wafinyanzi wengine pale vilikuwa na michoro myeupe shingoni, lakini vya Ikombe vilikuwa vyekundu vitupu.

"Udongo mweupe umetuishia," Esta akajibu. "Umepata kazi nyingine."

Wenzake wakacheka, wakanitazama, wakaacha kucheka. Kwa ajili ya ule upungufu walikubali mpunga usawa wa shingo siku nzima, bila kilima, na ilipofika saa tisa kilibaki chungu kimoja kikubwa. Nikasema nitakinunua mimi ili tuondoke.

"Una haja nacho?" Esta akauliza.

"Sina."

"Basi kiache. Atakuja mwenye haja."

Akaja, saa kumi unusu. Tukapanda mitumbwi, mpunga katikati, mimi nimeshika kingo kwa mikono miwili, na wale akina mama wakapiga makasia wakizungumza habari za ndoa ya mtu. Upande wa kushoto mlima ulipanda moja kwa moja kutoka majini. Maji yalikuwa safi hadi naona mawe chini. Niliogopa sana na nilifurahi sana, na sikujua kipi kilizidi.

Ikombe

Pale ufukweni alinipokea mwenyekiti wa kamati ya msitu, Bwana Yohana, mgambo wa zamani, ndani ya koti la suti lililofungwa vifungo vyote. Nyuma yake walijipanga watu kwa mstari.

"Mheshimiwa Mkaguzi," akasema, "tulipopata barua ya ujio wako hatukulala. Kesho utajionea."

Kiti kilikuwa kirefu kweli. Usiku ule nililala kwa Esta baada ya ugali na dagaa wa ziwani, na asubuhi tukapanda mlima, mimi, kamati nzima na nusu ya kijiji. Esta alinionyesha kijito njiani. Kilikuwa chembamba lakini kinakwenda, na akina mama walikuwa wakichota.

"Mwaka ule," akasema, "tulichota hapa kwa kijiko. Nilipika uji wa mtoto kwa maji ya kijiko. Hiyo sitaki tena."

Tulipokata kona nikaona kwa mbali vitu vyeupe vimesimama kwenye mteremko kwa safu. Nikadhani ni kwaya. Nikajisemea, jamani, hawa watu wameniletea na kwaya.

Ilikuwa miti. Kila shina lilikuwa limepakwa rangi nyeupe kutoka ardhini hadi usawa wa kifua, na mstari wa juu umenyooka kama uliopimwa kwa kamba. Chini hapakuwa na jani. Palikuwa pamefagiwa, na alama za fagio zilionekana kama uani kwa mama mkwe. Vichaka vyote vilikuwa vimefyekwa. Miti michanga, ile ya kimo cha goti na kiuno, ilikatwa usawa wa kifundo cha mguu ili mgeni apate kupita. Majani makavu yalikusanywa pembeni na kuchomwa. Katikati kulikuwa na benchi jipya, na mbele ya benchi mawe meupe yamepangwa yakasomeka: KARIBU MKAGUZI.

Watu wote walikuwa wananitazama uso.

"Nani amefanya haya?" nikauliza.

"Sote," akasema Bwana Yohana. "Wiki mbili. Kila nyumba ilitoa mtu mmoja, na nyumba yenye mgonjwa ilitoa fagio. Chokaa hatuna, akina mama wakatoa udongo wao mweupe wa kupambia vyungu. Wote."

Nilitaka kucheka. Nikakaa kwenye benchi na nikaanza kulia, na safari hii sikuwa na msiba wa kusingizia.

Kwa sababu nilijua walikojifunzia. Miaka kumi na minane nimepita kwenye vijiji ndani ya gari la serikali, na kila nilipofika mawe yamepakwa chokaa, nyasi zimefyekwa, uwanja umefagiwa. Nilikuwa nashuka nasema, hongereni kwa usafi. Sikuwahi kuuliza kilichokuwa pale kabla ya fagio. Mimi na wenzangu wote tulifanya hivyo, na nchi nzima ikajua kwamba ofisa akija, unafyeka.

Nilipojifuta machozi nikawaeleza. Niliwaonyesha visiki vile vidogo, nikasema huyu angekuwa mvule, huyu mkuyu, na hii mikubwa ikizeeka na kuanguka, wa kuirithi ni hawa. Nikasema yale majani yaliyochomwa ndiyo yanayoshika maji ya mvua yashuke taratibu mpaka kwenye kijito. Bwana Yohana alifungua kifungo kimoja cha koti.

"Mgeni akija kwako," Esta akasema hatimaye, "huoshi vyombo?"

Nikaomba tupande juu zaidi. Walikuwa wamefagia pale tu mgeni atakapopita. Juu yake hawakugusa. Huko, wapendwa, nilishindwa kupita. Mwanga ulikuwa wa kijani, miguu ilizama kwenye majani yaliyooza, mizabibu ya mwitu ilishuka kutoka matawini, na maji yalisikika chini ya mawe kabla hayajaonekana. Sikuona kisiki hata kimoja. Katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kuona msitu wa kijiji uliolindwa namna ile, na sehemu hiyo ilikuwa kubwa mara nyingi kuliko ile iliyofagiwa.

Tuliporudi kwenye benchi nikatoa fomu. Swali la nane likapita. Nikawasomea la tisa, na nikawaeleza jibu la ndiyo linafanya nini.

"Andika hapana," akasema Bwana Yohana upesi. "Mti hatujakata. Ni vichaka."

"Imeandikwa miti au vichaka."

"Mama, nani wa Dar es Salaam atapanda mlima huu?"

Hapo alisema kweli. Kalamu ilikuwa yangu, na kichwani nilikuwa nimeshaandika hapana mara tatu. Kosa lilikuwa dogo na nia ilikuwa njema, na mimi ndiye niliyelisababisha. Nikainama kuandika.

"Ngoja," Esta akasema. Akamgeukia mwenyekiti. "Yohana, sheria yetu ya msitu inasemaje?"

Bwana Yohana akatazama mawe.

"Mgeni haijui, mwambie," Esta akasema.

"Atakayekata kitu huku," akasema polepole, "anajisema mwenyewe mkutanoni kabla hajaulizwa. Anatoa kuku."

"Mwaka jana shemeji yangu alikata mpini wa jembe," Esta akaniambia. "Mmoja tu, hakuna aliyemwona. Akaja akasema, akatoa kuku. Hiyo ndiyo iliyolinda huku juu. Hatuna mlinzi, hatuna uzio. Kila mtu anajua kwamba mwenzake atasema. Sasa tumekata sote. Tukinyamaza leo, kesho nitamwambia nini mtu wa mpini?"

Mama mmoja nyuma akaanza kulia taratibu, na nilijua analilia nini, maana alikuwa na ndoo ya maji ya kijito kichwani.

"Tutakosa, Esta," Bwana Yohana akasema.

"Huenda. Mama, andika ndiyo. Lakini andika na tulimfyekea nani."

Nikaandika. Ndiyo. Wamefyeka vichaka na miche sehemu ya chini kwa heshima ya ujio wangu, kama sisi maofisa tulivyowazoesha. Nafasi ilikuwa ya mstari mmoja. Nikaendelea pembeni, nikageuza karatasi, nikajaza nyuma yote. Nikaandika na ile sheria ya kuku.

Ukabaki ubishi wa faini. Kijiji kizima kimekosa, kuku apewe nani? Mmoja akasema apewe mkaguzi. Nikakataa, nikasema katika kosa hili mimi ndiye niliyeanza, nami nitoe. Mwishowe Bwana Yohana akatoa jogoo wake, mimi nikatoa mwingine niliyemnunua nyumba ya tatu, na mchana tukawala wote wawili kwa wali, wenye kosa pamoja. Bwana Yohana alivua koti.

Kurudi

Njia ya kurudi sina mengi ya kuieleza, na si kwa sababu haikuwa na mambo. Nilikuwa na ile karatasi kwenye begi, na kila gari lilipokwama nilifurahi kwamba bado sijafika. Mzee Salim alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kwa miaka yote ya biashara hajawahi kuona mtu anayekataa pesa kwa kusema kweli, na kwamba angependa watu hao wamkope. Bi Mwanaisha alinifungia kilo tano za mchele. Msije kuniomba, umekwisha.

Ofisini, wajumbe walisoma fomu wakiwa wamekaa kwenye meza ndefu. Walipofika kwenye picha ya KARIBU MKAGUZI walicheka, na kicheko kile kiliniuma kuliko kiatu nilichokiacha njia ya Ipinda. Niliongea muda mrefu kuliko kibarua wa majaribio anavyoruhusiwa. Nilisema kijiji kinachojisema chenyewe ndicho tulichokuwa tunakitafuta. Mkurugenzi wetu, kijana mpole asiyependa kelele, alisikiliza, akavua miwani, akasema sheria ni sheria, na wakivunja kwa mmoja watavunja kwa wote. Waombe tena mwakani.

Kwa hiyo, kwa wale wanaoniuliza mlangoni kabla sijavua viatu: hapana, hawakupata. Nililia siku ile na nilikasirika wiki nzima, na bado nina hasira kidogo. Kazi ya kudumu walinipa. Sikuifurahia kama nilivyotarajia.

Niliwaandikia mwenyewe, nikawaeleza bila kuzunguka. Jibu limefika juzi, limeletwa na Mzee Salim aliyekuja kufuata marobota. Limeandikwa kwa mkono wa Esta, kwa herufi kubwa, nami nanakili sehemu ya mwisho kama ilivyo:

"Barua yako tumeisoma mkutanoni. Wengine wamekasirika, na Yohana hakusema na mtu siku mbili. Kuni bado tunafuata mbali na kijito bado kinakwenda. Tumekubaliana mambo mawili. La kwanza, pale tulipofagia tumepafunga kwa miiba, na miche imeanza kuchipua kwenye visiki, utaikuta. La pili, mwakani uje wewe, lakini usituandikie siku ya kuja. Tunakuomba sana, mama. Tukijua unakuja, hatutaweza kujizuia."